Mpaka Tulioupanda Katikati ya Bustani

Siku ile tulikuwepo hawa: Mzee M'Ikunyua wa Imenti kule Meru, mtunza bustani, aliyeshika kamba upande wa juu. Mimi Igoki, niliyeishika upande wa chini. Ciamwari, mjane wa kijijini kwetu, aliyeletwa na kazi ya lazima na akapewa jembe la kuchimba mashimo. Nyaga, homgadi, yaani mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, aliyekuwa na bunduki na kipande cha muwa, na hakufanya kazi yoyote ila kutuangalia na kutema makapi. Mdogo wangu Wawira, aliyekuwa akicheza na udongo chini ya mti wa muringa. Na Bwana Kofia, mzungu mkubwa wa ofisi za serikali, aliyepita na gari, akatupungia mkono, akaenda zake kunywa chai.

Nimewataja wote kwa sababu kwetu Embu mpaka wa shamba unapopandwa, kitu cha kwanza kushikwa kichwani ni majina ya waliokuwepo. Miaka ikipita na mtu akaja kubishana, wazee humuuliza nani alikuwepo, na asiyejua hujibiwa akae chini. Siku ile hatukujua kwamba tunapanda mpaka. Tulidhani tunapanda maua ya serikali.

Ninyi vijana mnaokata nyasi pale bustani ya Matokani kwa mashine mmeniuliza mara nyingi kwa nini njia inatoka lango la soko, inafika katikati, halafu inajipinda kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, badala ya kwenda moja kwa moja hadi ofisini. Mmoja wenu aliniambia, "Shosho, aliyepima hii njia alikuwa amelewa." Nilicheka hadi nikashika ubavu. Aliyepima hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Nitawaeleza, ila nitaeleza kwa njia yangu, na jambo la kazi likinijia katikati nitalisema kabla halijanitoroka.

Mahali pale palikuwa uwanja wa matope. Udongo wetu mwekundu mnaujua, ukinyeshewa unashika mguu na kuuchukua kiatu. Juu zilikuwa ofisi za serikali, chini soko, na katikati kiwanja ambacho kila mtu alikivuka na hakuna aliyekipenda. Mzee M'Ikunyua alipoletwa kukifanya bustani, mwezi mzima hakupiga jembe. Alikaa juu ya debe lililogeuzwa, akatazama watu wanavyopita. Bwana Kofia akamuuliza kama analipwa kuketi.

"Bwana, miguu ndiyo inapima," akasema Mzee. "Mimi naandika tu."

Hilo ndilo la kwanza ninalotaka mlishike. Msiweke njia mahali panapopendeza kwenye karatasi. Acheni nyasi zikue, mwone watu wanazikanyaga wapi, halafu mweke mawe hapo. Siku hizi mnaleta matofali ya kabro kwa lori, mnayapanga mraba kwa mraba, na baada ya miezi michache mnaona watu wamekata njia yao pembeni kwenye nyasi, halafu mnaweka kibao cha kuwafukuza. Watu hawasomi kibao wakiwa na mzigo mgongoni.

Niliingia kazini kwa sababu ya kunyamaza. Nilikuwa nimeachia shule darasa la tatu. Mama alikufa kwanza, na baba akafuata mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakipigana na Mau Mau. Nikabaki na Njeru, ambaye sauti yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuvunjika, na Wawira, ambaye bado alilala na kidole mdomoni. Tulikuwa tumehamishwa kwenye mwinuko wetu, tukasongamanishwa na wengine wote katika kijiji kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa. Kutoka ulihitaji karatasi ya pasi au homgadi wa kukusindikiza. Wanawake walitolewa asubuhi kuchimba barabara na matuta, na mchana walipewa saa moja ya kwenda mashambani mwao ya zamani kutafuta chakula, wakichungwa kama mbuzi.

Siku moja kundi letu likaletwa mjini kusawazisha kile kiwanja. Mzee alikuwa anatafuta mtu wa kushika upande wa pili wa kamba. Aliwajaribu watu kadhaa na wote walikuwa wakiongea, na mtu akiongea kamba inacheza. Mimi nilishika, nikanyamaza, maana sikuwa na la kusema. Jioni akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamwambia. Akauliza nani ananilinda. Nikamwambia mimi ndiye ninayelinda. Wiki iliyofuata nilipewa pasi ya kufanya kazi mjini, na ruhusa ya kuja na Wawira.

Kazi ile ndiyo ilituweka pamoja. Shangazi yetu wa Siakago alikuwa amekwisha tuma ujumbe kwamba angemchukua Njeru akachunge mbuzi, na misheni ilikuwa tayari kumpokea Wawira. Wote walikuwa na nia nzuri. Lakini wangetugawanya, na mimi nilikuwa nimemwahidi mama, nikiwa nimemshika mkono, kwamba chungu chetu kitabaki kimoja. Mkubwa wa kijiji alisema wazi: nikiwa na kazi, watoto wanakaa na mimi. Nisipokuwa nayo, wanakwenda.

Basi nilijifunza kila kitu. Mzee alinifundisha kuchimba shimo la mti kabla ya mvua na kuliacha wazi, ili jua liumeze ukali wa udongo wa chini. Alinifundisha kuhamisha mche jioni, ili uamke mahali pageni ukiwa umepumzika. Alinifundisha kwamba benchi haliangaliwi lenyewe. "Kaa chini kwanza," alisema. "Unaona nini?" Mahali pa benchi la kwanza nilipachagua mimi, nikalipanga litazame maua. Mzee akakaa, akageuza shingo, akageuza tena.

"Igoki, mtu anayekaa hapa anangoja nini?"

"Anangoja basi, Baba."

"Na basi linatoka wapi?"

"Kule nyuma."

"Basi shingo yake tutaipeleka hospitali."

Tukaligeuza. Mpaka leo liko hivyo, na mkiona limegeuziwa maua mjue kuna mtu amelichezea.

Wigo wa kayaba pia tuliupanda sisi. Nililia kwa miiba yake. Njeru alikuwa akinitoa miiba jioni kwa sindano ya kushonea magunia, huku akinihubiria kama mchungaji: "Dada, acha kazi hii, mimi nitakuwa dereva nikulishe." Alikuja kuwa dereva kweli, lakini wakati ule kifua chake hakikufika hata kwenye usukani wa lori.

Sasa nije kwenye maua.

Kulikuwa na mgeni mkubwa wa serikali aliyekuwa anakuja Jumamosi moja kuitazama bustani. Bwana Kofia alitaka maua meupe pande zote mbili za njia ya katikati. Mbegu alizoagiza zilifika zikiwa zimeoza ndani ya pakiti, zinanuka kama soksi. Mzee akasema kando ya mto, kule chini karibu na Mitunguu, kuna maua meupe ya mwituni, na lori la serikali lilikuwa linateremka huko kuchukua ndizi. Likarudi na gunia la vitunguu vya maua hayo, vikubwa kama ngumi, bila majani.

Yalikuwa matoka. Mtu wa Embu, wa Mbeere au wa Meru anayajua kabla hajajua kusema. Majani marefu kama ulimi wa ng'ombe, ua jeupe lenye mstari wa waridi. Ndiyo tunayopanda kwenye mipaka ya mashamba, kwa kuwa hayafi. Jua likiwaka majani yananyauka na kitunguu kinabaki chini kikingoja. Mtu akishayapanda mbele ya watu, hayang'olewi. Anayeng'oa mpaka huitiwa laana, na laana hiyo haimpigi yeye. Inapiga watoto wa nyumba yake, kuanzia mdogo.

Haya yalikuwa ya mtoni, hayakuwa ya mpaka wa mtu, kwa hiyo kuyachimba hakukuwa na kosa. Tatizo lilikuwa mikono yetu. Bwana Kofia alisema yapandwe kwa mafungu, huku na huku. Lakini mikono ya Mzee, yangu na ya Ciamwari ilijua namna moja tu ya kupanda matoka. Mzee akavuta kamba kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini. Nikaikaza. Ciamwari akachimba mashimo, hatua moja, shimo, hatua moja, shimo. Hakuna aliyefikiri. Tulikuwa hata tukiimba kidogo. Nyaga akala muwa wake. Tulipomaliza tukasimama, tukatazama nyuma, na mstari ulikuwa umenyooka vizuri sana kupita katikati ya bustani, mmoja, kutoka ncha hadi ncha.

Ciamwari ndiye aliyeona kwanza. Akaweka mkono mdomoni.

"Uui, Igoki. Tumefanya nini?"

Mzee akatazama. Akavua kofia, akaivaa tena. "Labda hayatashika," akasema. Lakini mvua ilinyesha usiku ule, na matoka hayajui kutoshika.

Siku ya soko iliyofuata majani yalikuwa yamechungulia. Wanawake waliotoka chini na mizigo ya ndizi na mtama walifika kwenye mstari wakasimama, maana hakuna mtu anayekanyaga mpaka bila kujua ni wa nani. Wakaanza kuulizana.

"Kwani pamepimwa?"

"Nani amepewa juu?"

"Si watu wa mwinuko wa juu! Mnaona! Tumewekwa ndani ya handaki, na huku nje wanagawa!"

Mnajua, wakati ule ndipo serikali ilikuwa imeanza kuzungumza habari za kupima ardhi na kuunganisha vipande. Watu walikuwa wamefungiwa mbali na mashamba yao, na kila mmoja alikuwa na hofu kwamba akigeuka atakuta la kwake limeondoka. Kufika adhuhuri, wanaume wa mwinuko wa juu walikuwa wamesimama upande wa juu wa mstari, na wa ng'ambo ya mto upande wa chini, wakitajiana mababu. Mzee mmoja wa juu alikuwa akisema babu yake alifuga nyuki pale pale. Mwingine wa chini akamjibu, "Nyuki wa babu yako walikuwa wanakuja kunywa maji kwetu, na hatukuwatoza!" Watu wakacheka, lakini kicheko cha meno makavu. Nyaga alipuliza filimbi hadi akakosa pumzi.

Bwana Kofia alitoka ofisini amekuwa mwekundu. Mkusanyiko wa watu, katika Hali ya Hatari, mbele ya ofisi yake, na mgeni anakuja!

"Nani alipanda hii?"

Mzee akasema, "Ni mimi, Bwana."

"Na mimi," nikasema.

Akamtazama Mzee, akanitazama mimi. Mzee alikuwa hana wa kushika nafasi yake, na Bwana alilijua hilo. "Wewe msichana, ondoa yote. Kabla ya Jumamosi. Kama hapana ondoa, rudisha pasi, rudi kijiji."

Jioni ile nilipika uji wa mtama na sikuuonja. Wawira alikuwa ameketi magotini mwangu akinihesabia vidole, akiruka kidole cha tatu kama kawaida yake. Njeru akaniuliza kwa nini nimenyamaza hivi. Nikamwambia. Alikuwa mtoto mwerevu, hakujidai haelewi. Alimtazama Wawira, kwa sababu yeye ndiye mdogo wa nyumba yetu.

"Usiyang'oe, dada," akasema. "Mimi naweza kuchunga mbuzi."

Nilikuwa nimebatizwa, na nilikuwa nikienda kanisani kila Jumapili. Mwalimu wa dini angeniambia laana ya maua ni mambo ya giza. Huenda. Lakini muulizeni mtu yeyote aliyelea watoto wasio na wazazi kama anaweza kuweka mkono kwenye jambo ambalo watu wote wanamwambia litampiga mtoto. Nikiyang'oa, namweka Wawira mbele ya laana. Nikiyaacha, Wawira anakwenda misheni na Njeru anakwenda Siakago. Nilitafuta njia ya tatu na sikuiona.

Asubuhi nilimkuta Mzee ameketi juu ya debe lake, kama ule mwezi wa kwanza, akitazama mstari. Hakunisalimu.

"Igoki, mpaka una watu wangapi?"

"Wawili, Baba. Mmoja huku, mmoja huku."

"Na una ncha ngapi?"

"Mbili."

"Huu tuunyime ncha." Akachukua kijiti, akachora ardhini mstari kama uzi wa upinde. Halafu akaanza ncha moja akachora mti wa upinde wenyewe, ukazunguka, ukarudi kwenye ncha ya pili. "Hatutang'oa hata mmoja. Tutaongeza. Ukifungwa hivi, si mpaka tena wa mtu na jirani yake. Ni boma. Na hapa," akafuta kipande kidogo cha mviringo kwa kidole gumba, "tutaacha mlango. Boma lenye mlango ni la kukaribisha."

"Na ndani akae nani?"

"Weka benchi. Atakayechoka."

Nilitaka kumkumbatia, lakini mtu hamkumbatii mzee wa Imenti saa mbili asubuhi. Halafu nikahesabu kwa macho urefu wa upinde ule. Gunia lilikuwa limekwisha. Lori halikuwa linateremka tena hadi mwezi mwingine, na kando ya mto palikuwa pamepigwa marufuku. Jumamosi ilikuwa karibu. Na mipakani mwa watu hakuna mwenye haki ya kuchimba ila mwenye mpaka, naye huchukua watoto wa kitunguu tu, mama anamwacha.

Ciamwari alikuwa amesimama na jembe lake nyuma yetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno mengi, na kule kijijini alikuwa akiitwa redio. Siku ile alisema maneno machache.

"Mimi nina mpaka."

Shamba lake lilikuwa karibu, juu ya mwinuko uliohamwa, na lilipakana na la shemeji yake, ambaye tangu mumewe afe alikuwa akilitamani. Matoka yake yalikuwa yamefungamana kama wigo. Mchana, wakati wa ile saa moja ya chakula, wenzake walipokuwa wakichimba nduma na viazi, yeye alikwenda mpakani. Nyaga alimfuata akimkejeli.

"Wee Ciamwari, utapika maua? Njaa imekupanda kichwani?"

"Ndiyo, na wewe nitakualika. Leta chumvi."

"Nikikuandikia kwamba unaharibu mali?"

"Andika. Kwanza jifunze kuandika."

Nyaga hakuandika. Alikuwa mtu wa huko huko, anajua matoka ni nini. Nilisikia baadaye kwamba alimshikia kiondo, akitazama upande mwingine ili asiwe ameona.

Alirudi na kiondo kimejaa vitunguu vya matoka, na hapakuwa na nduma hata moja ndani yake. Akafanya hivyo siku iliyofuata pia. Siku hizo mbili kwake hakukupikwa. Mimi nilimpelekea uji, akaniambia nimpe Wawira. Mara ya pili niliviinua vile vitunguu nikavitazama. Havikuwa watoto tu. Vilikuwa na mama zao, vizee, vyenye mizizi mirefu kama ndevu.

"Cucu, bibi yangu, umechimba mpaka wenyewe!"

"Watoto hawakutosha."

"Na shemeji yako?"

"Shemeji yangu yuko ndani ya handaki kama mimi. Atauvukaje mpaka bila kuonekana?" Akaifunga kanga yake kiunoni. "Utanirudishia. Tukifunguliwa, utakuja na kiondo hiki hiki, tutapanda upya mimi na wewe, na Mzee huyu wa Meru atatuvutia kamba. Umenisikia?"

"Nimesikia, Cucu."

"Basi chimba shimo. Unatazama nini?"

Tulipanda upinde kuanzia asubuhi ya Ijumaa hadi filimbi ya kurudi kijijini. Kama mnataka kuchora upinde mzuri ardhini, pigeni kigingi mahali pamoja tu, fungeni kamba, na anayezunguka na kijiti atembee akiutazama mguu wake, asitazame mbele. Akitazama mbele upinde unakuwa kiazi. Wetu ulitoka kiazi kidogo upande wa mashariki, kwa sababu nilikuwa nikimtazama Ciamwari akipanda pale vile vitunguu vyake vyenye ndevu. Mtauona. Nawaomba msiunyooshe.

Jumamosi asubuhi, kabla ya mgeni, watu wa soko wakaja. Wakasimama. Wakazunguka. Wakatafuta ncha na hawakuziona. Yule mzee wa babu mwenye nyuki akazunguka mara mbili, mikono nyuma, akafika mlangoni.

"Hii sasa ni ya nani?" akamuuliza Mzee M'Ikunyua.

"Ni ya mwenye miguu inayouma."

Mzee yule akafikiri. Akainama kidogo, kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akapita mlangoni, akakaa kwenye benchi. Upande wa chini, mwenzake aliyebishana naye akatazama kwa wivu, akaingia naye, akakaa mwisho wa pili wa lile benchi. Kila mmoja akatazama upande wake. Lakini nilimwona wa kwanza akifungua kikebe chake cha ugoro, na baada ya muda kikebe kikasogea kwenye benchi hadi katikati. Wanawake wakaanza kupita, wakizunguka upinde na mizigo yao. Hiyo ndiyo njia mnayoiona leo. Miguu ndiyo iliyoipima, kama Mzee alivyosema.

Bwana Kofia alifika, akaona watu wanapita na hakuna mkusanyiko. Akatazama maua ambayo hayakuwa yameondolewa. Akamtazama Mzee.

"Mimi nilisema ondoa."

"Bwana ulisema ondoa mstari. Hakuna mstari."

Alitafuta mstari. Kisha gari la mgeni likapiga honi, na hakuwa na nafasi ya kuutafuta zaidi. Mke wa mgeni aliupenda ule upinde wa majani, akaketi kati ya wazee wawili wa ugoro, na Bwana Kofia akamweleza kwamba umbo lile amelichora yeye mwenyewe. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwache. Na yeye anahitaji pasi."

Pasi yangu haikurudishwa. Njeru na Wawira walilala kwangu usiku ule na usiku mwingine wote, hadi Njeru alipopata lori lake na Wawira alipokwenda Meru kusomea uuguzi. Niliwapeleka mimi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nilimtoa mlangoni kwangu akiwa mzima, kwa hiari yake. Mengine yote niliyofanya katika kazi hii, miti, mabomba, nyasi, mitaro, mngeweza kuyafanya bila mimi.

Hali ya Hatari ilipokwisha, Mzee M'Ikunyua alikuwa amerudi kwao Imenti akafia huko, kitandani mwake, jambo ambalo miaka ile lilikuwa baraka. Matoka ya bustani yalikuwa yamezaana hadi tukalazimika kuyagawa. Nilichagua makubwa, nikajaza kiondo kile kile, nikaenda kumtafuta Ciamwari.

Nilimpata karibu na Kianjokoma. Ardhi ilikuwa imepimwa na kuunganishwa. Kule mwinuko wake wa zamani, wapimaji walipofika, shemeji yake alisema hapakuwa na mpaka pale, na kweli palikuwa na matundu tu. Wakampa Ciamwari kipande kidogo mahali pengine, chenye mawe ya saruji kwenye pembe zake. Nilipolisikia hilo, kiondo kiliniwia kizito, nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Usilie hapa," aliniambia. "Wangelichukua hata ningekuwa na ukuta. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, nani alimsikiliza siku ile?"

Sijui kama alisema kweli au alinionea huruma. Nimelifikiria kwa miaka mingi na bado sijui.

Alinipikia nduma, akanisimamia hadi nikamaliza. Kisha akatazama ndani ya kiondo, akashika kitunguu kimoja, akakipapasa kama kichwa cha mtoto.

"Niyapande wapi, Igoki? Hapa mawe yamekwisha kusema. Yapeleke yakakae kwako. Nikipata mahali nitakuita."

Kila mwaka nilimpelekea kitu, sukari, blanketi, mche wa parachichi. Alivipokea vyote kwa vigelegele na kila mara aliniambia, "Hii ni zawadi. Lile deni liko pale pale." Alikuwa anacheka akisema, lakini alikuwa hacheki kabisa.

Alipofariki nilikwenda mazishini. Bintiye alinivuta pembeni, nyuma ya jiko, kabla sijafungua mdomo.

"Mama alisema utaniuliza," akasema. "Alisema nikuambie bado hajapata mahali."

Nimewaandikia haya kwa sababu mimi sasa naitembelea bustani kwa fimbo, na kwenye upinde ni ninyi mnaopalilia. Kila baada ya mvua nawaona mkiyapunguza matoka na kuyarundika kwenye toroli pamoja na takataka. Pale kwenye kiazi cha upande wa mashariki, yale yenye vitunguu vyenye ndevu, yawekeni kando mahali pakavu, ndani ya gunia, mniite. Msiyatupe wala msimpe mtu. Yana mwenyewe, na bado sijamrudishia.